Alhamisi za Changamwe

Habari ya kifo cha Konsolata ilinifikia nikiwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi ya wali wa mchana. Aliyenipigia ni dereva mmoja mstaafu wa malori, mwenzetu wa kikundi, na kwa vile hajui kuzungusha maneno alisema tu, "Mama Konso ametuacha. Matanga ni Jumamosi, pale pale kwake Changamwe." Nikamwambia pole, naye akaniambia pole wewe. Nikaweka simu nikaendelea kukuna ile nazi mpaka nikafika kwenye kifuu, vumbi lake likaingia ndani ya chicha, na wali wa siku hiyo ukatoka na rangi ya udongo. Sikulia. Watu wa rika langu tumeshazoea simu za namna hiyo, na mimi machozi yangu mengi niliyamaliza katika mwaka mmoja, nikiwa sijatimiza miaka thelathini, Konsolata akiwa kando yangu ananitazama nikiyamaliza. Mwaka huo ndio nitakaousimulia. Ya kabla yake, nani alinizaa na nani alinioa, hayana faida kwa mtu. Yatosha kujua kwamba nilikuwa mtalaka, nakaa kwa mamangu Likoni na binti yangu Salma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya mbele, na kwamba nilikuwa nakunywa.

Kazi yangu ilikuwa kupamba maharusi: hina, piko ile rangi nyeusi ya maua, singo ya kusugua mwili, kufukiza nguo udi. Ni kazi inayomfaa sana mlevi. Mpambaji huingia nyumba za watu na kapu lake hakuna anayelipekua, na ndani ya kapu langu mlikuwa na chupa ya marashi ya waridi ambayo marashi yake yalikwisha zamani. Nilianza na tembo la mnazi, nikahamia pombe kali kwa sababu haichukui nafasi. Niliamini udi unaiziba harufu. Leo najua kwamba kila nyumba niliyoingia walijua. Kuna siku nilimpaka hina bi harusi mmoja wa Mtongwe, maua ya mkono wa kushoto yakaenda upande mpaka kwenye kiwiko, na bibi yake yule msichana akanitazama, akavuta leso akaziba pua, akasema, "Mashallah, maua ya kisasa haya." Wakanipakulia pilau, wakanisindikiza mpaka mlangoni, na hawakuniita tena, wala hawakumwambia mtu kwa nini. Watu wetu ndivyo walivyo. Aibu ya mwenzio husitiriwa. Unaifunika kama unavyofunika chakula, hata kama chakula chenyewe kimeshaoza.

Jambo ambalo halikufunikika lilikuwa la Salma. Alasiri moja nilitakiwa nikamchukue chuoni alikosomea Kurani, nikajilaza kidogo mkekani, na ule udogo ukawa mrefu. Mtoto alingoja wenzake wote wakaondoka, kisha akashika njia kunitafuta. Alijua kwamba mama huenda kazini ng'ambo, basi akaelekea feri. Mlinzi alimkuta kwenye mteremko wa kuingilia, katikati ya miguu ya watu, kakumbatia juzuu yake kifuani, akamrudisha nyumbani kwa kumshika mkono. Kabla ya magharibi mtalaka wangu, aliyekuwa akikaa Kisauni, alikuwa keshapata habari. Hakuja kupiga kelele. Alimtumia ujumbe wa heshima Ami Mbwana, baba yangu mdogo, aliyekuwa ndiye msemaji wa ukoo wetu: baada ya Idd, inshallah, tukae kitako, tuangalie Salma alelewe wapi. Ramadhani yenyewe ilikuwa bado miezi kadhaa. Nilikuwa na miezi hiyo ya kuwa mtu, au mwanangu achukuliwe.

Hapo ndipo Konsolata alipotokea, kwenye harusi, Jomvu Kuu. Alikuwa mwanamke wa bara, mfupi mnene, mpishi wa kibanda cha madereva wa malori Changamwe, na siku ile alikuwa ameletwa kuosha masufuria. Nilikuwa nimeliacha kapu langu uani. Niliporudi nilimkuta ameshika chupa ya marashi, kizibo mkono mwingine. Alinusa, akaifunga, akairudisha chini ya vitambaa, akaendelea kusugua sufuria kwa majivu. Nikajua nimekwisha, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba watu wa bara hawajui kusitiri, midomo yao haina mlango. Kumbe alikuwa anangoja wanawake waingie ndani kumtazama bi harusi.

"Dada," akasema bila kuinua kichwa, "hiyo marashi yako, hata mimi nilikuwa najipaka. Kuja Alhamisi mchana. Kuna ukumbi iko nyuma ya kanisa, pale juu karibu na yadi ya malori. Watu kama sisi tunakaa hapo tunaongea."

"Mimi ni Mwislamu," nikamwambia.

"Pombe ilikuuliza?"

Nilikasirika siku mbili tatu, kisha Alhamisi ikafika nikaenda. Ukumbi ule naweza kuuchora macho yakiwa yamefumbwa. Mabenchi yaliyochongwa majina ya wapenzi na vijana wa kwaya, ngoma mbili zilizofunikwa kanga, nyota za karatasi za Krismasi zilizosahauliwa darini, na dirisha moja lililotazama yadi. Kila mtu akifika kwenye sehemu ngumu ya maneno yake, lori hurudi nyuma likilia, na sote tukangoja limalize. Nilikaa karibu na mlango, ninja yangu ya uso nimeishusha, miguu iko tayari kukimbia. Wakasimama mmoja mmoja: dereva, mlinzi wa kiwanda, mwalimu mwenye tai, mwanamke muuza mitumba. Kila mmoja alitaja jina lake akasema, "Na mimi ni mlevi." Kwetu Likoni neno hilo ni tusi. Mtu humwambii usoni, humsema akishapita, na hakuna anayejiita hivyo mwenyewe mchana kweupe. Niliona kama nimekosea mlango nikaingia mahali watu wanapooga. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Naitwa Zuhura," nikakaa, na hakuna aliyenisukuma. Walikuwa na kanuni moja tu waliyoishika kama amri: yanayosemwa humu hayatoki humu.

Baadaye waligawa chai ya maziwa mengi na mandazi yasiyo iliki wala tui, magumu ya kumrushia mbwa. Baada ya wiki chache nilishindwa kuvumilia nikaja na mahamri yangu. Walikula kimya, mwalimu akalegeza tai, na dereva akaniuliza kama mtu anaweza kupewa mengine ya kupeleka nyumbani. Huo ndio ulikuwa mchango wangu wa kwanza kikundini, kwa maana maneno bado yalinikataa. Ramadhani ilipoingia, nilifika nikakuta birika halipo. Hakuna aliyetangaza kitu. Walikuwa wameamua tu kwamba mwezi ule hawatakunywa chai mbele yangu, Wakristo watupu, na wengine wametoka zamu ya usiku viwandani na njaa yao. Nakumbuka jambo hilo kila ninapotaka kuwachukia.

Na kweli nilikuwa nikiacha. Mikono ilitulia, maua ya hina yakarudi kukaa pahala pake. Salma alikuwa na tabia iliyokuwa ikiniua: nikirudi kutoka kazini hunikumbatia shingoni, akajifanya ananibusu, na huku ananinusa kinywa. Akinusa vibaya alikuwa akienda kulala kwa bibi yake. Katikati ya ule mfungo, jioni moja baada ya kufuturu, alinibusu kwa haraka akakimbilia tambi za sukari, hakunusa. Nilibaki na bakuli mkononi, nimefurahi mpaka nikaona haya. Nilidhani nimemaliza kazi.

Kumbe mwanamume mmoja wa mtaani kwetu, mfanyakazi wa dipo la mafuta huko Changamwe, alikuwa ameniona naingia lango la kanisa na buibui langu. Si mara moja. Nililisikia jambo hilo nikiwa chumbani, pazia limeshuka, mamangu na jirani yetu wako ukumbini wanachambua mchicha.

"Zuhura yuaenda kanisani," jirani akasema. "Kila Alhamisi."

"Mwanangu haendi kanisani."

"Mie nakwambia nilivyoambiwa. Na Kisauni wameshajua. Wasema mjukuu wao atakuja kubatizwa."

Nilisikia mchicha unavunjwa, kijiti baada ya kijiti. Jirani alipoondoka nilitoka nikapiga magoti mbele yake. "Mama, si kanisa, ni ukumbi wao tu. Kuna watu pale wanaonisaidia kuacha pombe." Akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka vitunguu. "Usilitaje neno hilo ndani ya nyumba hii," akasema. "Nikishalisikia nitafanyaje?" Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alijua tangu mwanzo. Mambo yaliyokuwa yakinipita yakanijia yote pamoja: rangi ya zafarani ndani ya uji wangu wa asubuhi, sahani nyeupe zilizoanikwa dirishani. Alikuwa akiniandikishia kombe, aya za Kurani kwa zafarani, anaziosha kwa maji, ananinywesha kwa siri bila kulitaja gonjwa lenyewe. Mlevi na mamake, kila mmoja na chupa yake ya kuficha. Kisha akafuta mikono kwenye leso, akanitolea mpango wake.

"Sikiza, mwanangu. Una pepo. Pepo wa Kizungu. Hao hupenda tembo, na hupenda makanisa. Ami yako akikuuliza, wewe inama tu, mie nitasema. Tutakupunga atoke, mambo yaishe, na mtoto atabaki hapa."

"Mama, sina pepo."

"Nani alokuuliza kama unaye?"

Leo nakubali ulikuwa mpango safi. Pepo mmoja alibeba kila kitu, chupa na kanisa, na mimi nikabaki mgonjwa wa kuhurumiwa. Hata mama mkwe wangu wa zamani angekubali, maana dada yake mwenyewe aliwahi kupungwa na watu wakala mbuzi wake. Sikutakiwa hata kusema uwongo, nilitakiwa niiname. Nilimpelekea Konsolata jambo hilo Alhamisi iliyofuata, kibandani kwake, tukiwa tunaosha vikombe vya wateja, na nilimpelekea kwa matumaini kwamba atasema inama, dada, inama upesi.

Aliweka kikombe chini. "Ukianza na uwongo utarudi kwa chupa," akasema. "Nimeona wengi. Mimi kwangu nilisema. Niliwaketisha watoto wangu wote chini, nikawaambia, mama yenu ni mlevi. Walilia, nikalia. Halafu yule mkubwa akakuja akanishika hivi." Akanishika mabega kwa mikono ya povu. "Ukweli haiwezi kukuua, Zuhura. Na mtoto hawezi kuacha mama amesema ukweli." Nilimtazama uso wake, mpana, umeloa mvuke wa maji ya moto, nikawaona wale watoto wameketi chini, na yule mkubwa anainuka. Nilikwenda nayo picha hiyo mpaka Likoni. Nililala nayo mpaka Idd.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa mamangu. Alikuwa ameandaa kaimati, tende na kahawa, na kuvaa leso mpya, maana alijua anakwenda kushinda. Ami Mbwana alikaa kwenye kiti, mtalaka wangu na kakake kwenye kochi, mimi mkekani, na nyuma ya pazia mamangu na mama mkwe wangu wa zamani. Salma alikuwa uani anaruka kamba, namsikia anavyohesabu na kukosea. Ami alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alisoma Fatiha, akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari ya kukorogwa, akasema, "Zuhura, mwanangu. Twasikia hali yako haikuwa njema."

"Naam, Ami."

"Na haya ya Changamwe twayasikia."

"Naam."

"Kuna mambo, mwanangu, mtu hayafanyi kwa akili yake. Kuna viumbe. Au sivyo?"

Aliniangalia kwa huruma tupu. Sijawahi kufunguliwa mlango mpana kama ule. Nyuma ya pazia mama mkwe alikuwa keshaanza kuguna, "Masikini, ndio hao hao, walimtesa dada yangu," na mamangu anavuta pumzi ya kuanza kusema. Nilichotakiwa ni kutazama chini. Nami nikatazama juu.

"La, Ami," nikasema. "Sina pepo. Mimi ni mlevi. Changamwe kuna watu wananisaidia kuacha, na nimeacha."

Sentensi ya mwisho hakuna aliyeisikia. Ami alikiweka kikombe chini, akasema "Innalillahi" kama mtu aliyeletewa habari ya maiti. "Mwanangu," akasema, "sisi tulikuwa tumekusitiri. Umejivua mwenyewe mbele za watu. Sasa mie nitasema nini hapa?" Mtalaka wangu hakuwa mtu mbaya, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa mgonjwa ningemwacha mtoto, Ami," akasema. "Wallahi ningemwacha. Kwa mlevi siwezi." Nilieleza. Nilieleza habari za mikono yangu, za birika lililofichwa Ramadhani, za mahamri. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazama zulia, kwa sababu nilikuwa nikiwaonyesha mambo ambayo watu wenye adabu hawayaangalii. Kahawa ikapoa. Ndivyo ilivyoamuliwa.

Mamangu mwenyewe alimkunjia Salma nguo zake, mtandio wa chuoni juu kabisa. Salma aliletwa aniage. Alinikumbatia shingoni, akajifanya ananibusu, na akaninusa. Kinywa changu kilikuwa kinanuka kahawa, kahawa peke yake, lakini alikuwa amewasikia wakubwa na hakuiamini pua yake. Gari lilipoondoka mamangu alisema, "Ungesema pepo," na aliendelea kuyasema maneno hayo, kwa hasira, kwa kilio, na mwisho kwa uchovu tu, hata alipokuwa kitandani mwa hospitali na hanitambui vizuri. Alhamisi iliyofuata nilisimama ukumbini nikasema jina langu na lile neno, mlevi, wakanipigia makofi. Konsolata akanikumbatia. "Umeshinda," akaniambia. Nilitaka kumuuliza nimeshinda nini na kimewekwa wapi.

Sikurudi kunywa. Hilo niliseme wazi, maana ni kweli na sipendi kulisema. Salma alikulia Kisauni kwa bibi yake. Huja Idd, hunipa shikamoo, huniita Bi Zuhura. Alipoolewa walimtafuta mpambaji mwingine, nami nilikaa na wageni wa upande wa mume nikala biriani, naona piko la mwanangu limetapakaa kwenye vidole na siwezi kuinuka kulirekebisha. Miaka yote hiyo nilikwenda kwa Konsolata, na nilipomlilia aliniambia vumilia, watoto huelewa, wangu si walielewa? Nami nikajilaumu. Nikajiambia labda kuna namna ya kuusema ukweli ambayo yeye aliijua na mimi niliikosea.

Jumamosi nikaenda Changamwe. Walikuwa wamefunga turubai mbele ya nyumba, kwaya inaimba, malori yanapita. Sisi wa kikundi tulikaa safu ya nyuma, hatukusalimiana sana, kama ilivyo desturi yetu nje ya ukumbi. Binti yake mkubwa, Beatrisi, mwalimu, alisimama kusoma maisha ya marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyelia akamaliza. Akasoma kwamba mama yao alikuwa mtu wa kanisa, na kwamba katika maisha yake hakuwahi kuonja pombe. "Lakini aliwapenda walevi," akasoma. "Kila Alhamisi alienda kuwaombea na kuwapikia chai. Sisi tulikuwa tunamuuliza, mama, hao watu wanakusaidia nini? Anacheka tu." Nilimtazama dereva. Dereva alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaitafuta ile picha niliyoibeba mpaka Likoni, watoto wameketi chini, yule mkubwa anainuka, na yule mkubwa alikuwa ndiye huyu, mbele yangu, na hakuwahi kuinuka kwa lolote. Hakuna aliyeketishwa. Nilimtoa mwanangu kwa ajili ya jambo ambalo aliyenishauri hakulithubutu, na sasa amelala ndani ya sanduku, kasitirika vizuri kuliko mtu yeyote wa ukoo wangu.

Walipoanza kugawa chai, Beatrisi aliniona, labda kwa ajili ya buibui. Akaja na kikombe amekishika kwa mikono miwili, akaniamkia, uso wake ule ule mpana wa mamake.

"Samahani, mama," akasema. "Si ni wewe yule mama wa Likoni? Yule alinyang'anywa mtoto juu ya pombe? Mama alikuwa anatuambia juu yako. Alikuwa anakuombea kwa jina."

Shangazi zake waligeuka. Wanakwaya wawili wakageuka. Dereva aliacha kutafuna. Kanuni yetu naijua, lakini nitakuwa muongo nikisema niliikumbuka kanuni. Nilikumbuka kiganja chenye harufu ya vitunguu, kimeniziba mdomo. Beatrisi alikuwa amesimama ananingoja, kikombe kinamuunguza vidole, na alichobakiza cha mamake, ile sifa njema, kilikuwa mkononi mwangu.

Nikapokea chai.

"Ndimi," nikamwambia. "Mlevi nilikuwa mimi. Mama yako alikuwa akija kunisaidia tu."